Muulize Fundi Randa: Ukuta Unatoa Unga, Kitanda cha Bibi Kinayumba

Masika yakikaribia, barua za kuta huongezeka. Zikianza kuja za makochi, najua sikukuu iko njiani. Safari hii zimekuja zote pamoja. Walioniuliza bei ya mbao za mninga wanisamehe: bei nitakayoandika hapa itakuwa imeshabadilika kwa wauza mbao wa Keko, Dar es Salaam, kabla jarida halijatoka mtamboni.

Shikamoo Fundi. Nimepanga chumba na sebule Kigamboni, si mbali na bahari. Ukuta wa sebuleni, kuanzia sakafuni mpaka usawa wa goti, unatoa unga mweupe na rangi inabanduka vipande vipande. Nimeshapaka rangi ya maji mara mbili. Jirani anasema dawa yake ni rangi ya mafuta. Nina laki moja na nusu tu.
*Mpangaji, Kigamboni*

Marahaba. Huo unga ni chumvi. Maji yanapanda kutoka ardhini kupitia msingi, yanabeba chumvi iliyomo kwenye udongo, kwenye tofali na kwenye mchanga uliojengewa. Yakifika usoni mwa ukuta yanakauka, chumvi inabaki nyuma ya rangi na kuisukuma nje. Inaishia usawa wa goti kwa sababu hapo ndipo maji yanapochoka kupanda. Nyumba iliyojengwa bila kulazwa nailoni juu ya msingi, au kwa mchanga wa ufukweni ambao haukuoshwa, lazima ifike huko.

Jirani yako ana nia njema, ila usimsikilize. Rangi ya mafuta itayafungia maji ndani, nayo yatapanda juu zaidi kutafuta pa kutokea. Mwakani utaniandikia kwamba unga umefika kiunoni.

Kabla hujatoa hata mia, kwaruza rangi sehemu moja, bandika kipande cha nailoni ngumu, uzibe kingo zote nne kwa selotepu, uache siku mbili. Matone yakiwa upande wa ukutani, maji yanatoka ndani. Yakiwa upande wa chumbani, ni unyevu wa hewa tu: fungua madirisha, sogeza kabati lililobanwa ukutani. Kisha zunguka nje. Kuna bomba linavuja? Maji ya paa yanadondokea pale pale? Kuna mtu anamwaga maji ya kufulia hapo? Udongo wa nje umepanda ukaizidi sakafu yako? Nimeona kuta zilizopona kwa jembe tu: udongo umeshushwa, mfereji umechimbwa, maji yameelekezwa kwingine, basi.

Chumvi iondoe kwa brashi kavu. Usioshe, maana ikilowa inarudi ndani. Gonga lipu kwa kifundo cha kidole. Panapolia uwazi pameachia. Pabomoe, uvuke futi moja juu ya mstari wa unyevu, upige lipu upya kwa mchanga wa mto uliooshwa. Halafu subiri. Hapa ndipo watu wanaposhindwa. Wiki mbili ni chache, mwezi ni bora. Ikishakauka paka chokaa au rangi ya maji. Usiweke skimu ya jipsamu chini pale, kwa kuwa jipsamu inakunywa unyevu na kuachia. Najua chokaa haina fahari, ila nyuma ya kochi nani ataikagua?

Kumbuka pia kwamba wewe ni mpangaji. Lipu na msingi ni mali ya mwenye nyumba. Piga picha, kaa naye, mwandikiane kwamba gharama itakatwa kwenye kodi ijayo, na ndipo ununue saruji. Nawajua wapangaji walioipendezesha nyumba kwa fedha yao, kisha wakapandishiwa kodi kwa sababu nyumba imependeza.

Shikamoo babu. Marehemu bibi aliniachia kitanda cha kamba cha zamani, matendegu yake ni ya kukereza. Kamba zilikuwa zimeoza, nikazikata, fundi wa mtaani akapigilia plaiwudi juu ili niwe nakikalia barazani. Tangu siku hiyo kinayumba na kulia. Fundi ameongeza misumari, wapi. Kimepakwa kijani, chini yake bluu, chini ya hapo sijui. Tena asubuhi nakuta unga laini sakafuni chini ya tendegu moja. Nimeshauriwa nipake oili chafu. Au nikitupe?
*Mjukuu, Pangani*

Marahaba mjukuu wangu. Usikitupe, na huyo fundi asikiguse tena.

Kitanda cha kamba cha asili hakina gundi wala msumari. Kila tendegu lina matundu mawili: moja la mfumbati, ule mti mrefu wa ubavuni, na moja la kitakizo, ule mfupi wa mchagoni au miguuni. Ndimi zinaingia kwenye matundu, hakuna zaidi. Kinachovishika vyote pamoja ni kamba yenyewe. Ikishawambwa na kukazwa, inaivuta mifumbati ielekeane na vitakizo vielekeane, ndimi zinazama mpaka mwisho, na mtu akilala uzito wake unazidi kuikaza. Ulipokata kamba ulikifungua kitanda chote bila kujua. Plaiwudi haivuti kitu, imelala tu juu. Na misumari inapasua ndimi ambazo zimekaa salama miaka yote hiyo.

Kwa hiyo toa plaiwudi. Misumari ing'oe taratibu, ukiweka kipande cha ubao chini ya nyundo ili usiuachie mti makovu. Kabla hujavua tendegu hata moja, tia alama za chaki kila penye kiungo, ulimi na tundu lake, maana fundi wa zamani alichonga kila ulimi kwa tundu lake na ukivichanganya utalia. Vua kwa kugonga juu ya ubao laini, kamwe usigonge tendegu lenyewe. Ulimi uliolegea unenepeshe: gundisha unyoya mwembamba wa mbao ubavuni mwake kwa gundi nyeupe, ukauke, kisha upunguze kwa tupa mpaka uingie kwa kusukuma na kiganja. Kiungo chenyewe usikitie gundi. Matundu ya misumari yazibe kwa vijiti vya mbao vilivyochovywa gundi, uvikate usawa.

Sasa rangi. Rangi nyingi za mafuta za zamani zilitiwa madini ya risasi, na vumbi lake ni sumu, hasa kwa watoto. Hiyo bluu na hiyo usiyoijua zichukulie kuwa nayo. Fanya kazi nje, vaa barakoa, tumia msasa wa maji na uulowanishe wakati wote, tandika turubai chini ukusanye takataka zote, na watoto wakae mbali. Usichome rangi kwa moto. Usitumie magadi makali wala kostiki: huko mtandaoni wanaonyesha inavyobandua, hawaonyeshi mti unavyobaki mweusi na wenye manyoya.

Kwenye sehemu bapa, kipande cha kioo kilichovunjika, ukikishika kwa kitambaa kinene, kinakwangua kuliko chombo chochote utakachouziwa. Makali yakiisha, unavunja kingine. Kwenye mabonde ya kukereza kata ukanda mwembamba wa msasa wa kitambaa, uzungushe kwenye tendegu, uvute huku na huku kama mpiga rangi ya viatu anavyofanya na kitambaa chake. Anza na namba 80, nenda 120, maliza na 180. Usiruke namba, mikwaruzo ya 80 haitolewi na 180. Itakuchukua jioni nyingi. Weka redio.

Ukifika kwenye mti, simama utazame. Sitabashiri ni mti gani bila kuuona, lakini kwanguo dogo chini ya tendegu, pasipoonekana, litakuambia: mninga una kahawia yenye michirizi ya dhahabu na nyekundu, mvule una hudhurungi ya manjano inayokolea kadiri miaka inavyokwenda. Vyovyote vile, nakuomba kwa heshima ya marehemu, usikipake tena rangi ya kuficha. Paka mafuta ya linsidi, tabaka jembamba, subiri robo saa, futa yote yaliyobaki juu. Rudia kesho yake na keshokutwa. Vitambaa ulivyofutia usivikunje ukavitupa pembeni: mafuta yale yakikauka yanatoa joto, na fungu la matambara linaweza kuwaka lenyewe bila kiberiti. Vianike vikiwa vimetandazwa, au uvitie kwenye ndoo ya maji.

Huo unga wa asubuhi ni bungua. Swali ni kama wako hai au ni unga wa zamani unaodondoka ukikitikisa. Fagia, tandika kitambaa cheusi chini ya tendegu, usikisogeze kitanda kwa wiki mbili. Unga mpya ukionekana, wako. Wanapenda ule mti mweupe wa nje, kiini hawakiwezi sana, kwa hiyo huenda madhara si makubwa: choma kwa msumari mwembamba uone unazama kiasi gani. Nunua dawa ya mbao dukani, ivute kwa bomba la sindano, uitie tundu kwa tundu, na uifanye kazi hiyo baada ya kukwangua rangi na kabla ya mafuta, ukiwa na glavu. Kitanda kikae nje mpaka harufu iishe kabisa.

Oili chafu ni ya nguzo za uzio. Haikauki, inanuka, itakuchafua kanga maisha yako yote, na mafuta ya linsidi hayatashika juu yake. Mafuta ya taa nayo huua yule yanayemfikia, kisha yanapotea hewani, na bungua wengine wanaendelea kula.

Mwisho, kamba. Za makumbi ya nazi ndizo zenyewe. Ziloweke zilainike kabla ya kuwamba. Nailoni ni rahisi na haiozi, ila inateleza, inakata ngozi, na kwa kitanda cha bibi mimi naona ni aibu. Wewe ukiona sawa, baraza ni lako. Kuwamba kunataka watu wawili, mmoja anapitisha na mwingine anashikilia mvuto. Pangani hukosi mzee anayejua. Mpelekee sukari na majani ya chai, kaa ujifunze. Kamba mpya hulegea. Baada ya siku chache vuta tena mstari kwa mstari, na ndipo utasikia kitanda kimenyamaza.

Fundi, stendi yangu ya TV ya mbao za kubandika imelowa maji ya kudekia, miguu imevimba na kumeguka. Nitumie gundi gani?
*Kaka wa Area C, Dodoma*

Hakuna. Ule ni unga wa mbao ulioshindiliwa kwa gundi, na ukishavimba haurudi. Kata sehemu iliyovimba kwa msumeno wa meno madogo, ukitangulia kubandika selotepu kwenye mstari ili kava lisimeguke. Kingo zilizokatwa zipake gundi nyeupe mara mbili zinywe. Kisha fungia vipande vya paina chini kama miguu, urefu wa kidole kirefu, kwa skrubu na si misumari. Na mwambie anayedeki akamue tambara.

Shikamoo mzee. Makochi yangu yamebonyea katikati na kitambaa kimechakaa. Fundi anataka laki nne kubadilisha kitambaa na sponji. Nina cherehani na nina mikono. Naweza mwenyewe?
*Binti wa Ilemela, Mwanza*

Marahaba binti yangu. Unaweza, lakini fundi huyo amekutajia kitambaa na sponji bila kuligeuza kochi, na hapo ndipo ninapomtilia shaka. Lipindue. Bandua kitambaa cha chini uone. Makochi yetu mengi yamefungwa mikanda ya mipira ya tairi, juu yake viroba, juu yake sponji. Kinachobonyea mara nyingi ni mikanda iliyolegea au ubao wa mbele uliopasuka, na sponji mpya juu ya mikanda mibovu itabonyea kabla hujamaliza kuringa.

Ubao uliopasuka ufungie mwingine ubavuni kwa gundi na skrubu. Mikanda mipya ivute mpaka ikigongwa ilie, ipishane juu na chini, uikazie kwa misumari mifupi yenye kichwa kipana. Sponji ukiinunua usiangalie unene tu. Kalia dukani: ukihisi ubao, hiyo haifai, hata iwe nene namna gani. Ya zamani ikiwa bado inarudi ukiibonyeza, igeuze, uongeze nyembamba juu. Hapo umeshaokoa sehemu kubwa ya ile laki nne.

Kitambaa cha zamani usikichane. Kifumue kwenye mishono, kila kipande ukiandike kwa chaki ni cha wapi na juu ni wapi, ukipige pasi, ndicho kipimo chako cha kukatia. Vipange vyote sakafuni kwenye upana wa kitambaa unachotaka kununua, upime urefu, ndipo uende dukani. Usimwachie muuzaji akukadirie mita. Ukichagua chenye manyoya, kipitishe kiganja ujue yanalala wapi, na ukate vipande vyote yakilala kuelekea chini. Kimoja tu ukikigeuza, kochi litaonekana la rangi mbili kila taa ikiwashwa.

Tumia uzi wa nailoni na sindano nene. Zipu iweke upande wa nyuma wa mto, hata kama wa zamani haukuwa nayo, ili uweze kuvua na kufua. Na vipande vitakavyobaki vitie kwenye mfuko, uvifungie chini ya kochi kabla hujarudishia kitambaa cha chini: siku mtoto akitoboa kwa kalamu, kiraka kipo tayari.