Pesa za wafadhili wa timu za vyuo Marekani: uliza zimehesabiwaje

Dada, mdogo wako anachagua kati ya vyuo viwili vya Marekani akacheze kikapu, nawe umeuliza aamini tovuti ipi: inayosema chuo cha kwanza kina dola milioni 20 za wanamichezo, au inayosema cha pili kina milioni 12. Mimi nisingeamini hata moja kabla ya kujua ndani ya kiasi hicho kimehesabiwa nini.

Tangu Julai 2025 vyuo vinaruhusiwa kuwalipa wachezaji moja kwa moja, kikomo kikiwa takriban dola milioni 20.5 kwa mwaka wa kwanza, michezo yote pamoja. Pesa za wafadhili ni mfuko mwingine. Hukusanywa na vikundi vya mashabiki wenye uwezo, na vingi havilazimiki kuchapisha hesabu zao. Basi anayekadiria huokoteza: kauli za mawakala wa wachezaji, minong'ono ya makocha, fomu za kodi za vikundi vilivyosajiliwa kama vya hisani. Wakala naye ana mteja wa kuuza, kwa hiyo bei hupanda njiani. Zile "thamani" za mchezaji mmojammoja mtandaoni? Makisio ya fomula tu, si mkataba.

Ukilinganisha, angalia kama ni ahadi au zimeshalipwa, na kama ni za futiboli ya Kimarekani pekee, maana hiyo ndiyo hula fungu kubwa. Mdogo wako wa kikapu atagawiwa kinachobaki.

Kuna kubwa zaidi. Akiingia kwa viza ya F-1, yaani ya mwanafunzi, kazi ya malipo ina vizuizi vikali. Aonane na mwanasheria wa uhamiaji kabla ya kusaini chochote, na adai kwa maandishi kiasi atakacholipwa yeye mwenyewe.