Baba alisema "msinifunge mamashine", na bado tuligombana

Mkuu, umesema mama yako ana miaka 71, akili timamu, anataka kuandika matibabu anayoyataka na asiyoyataka siku akiwa hawezi tena kusema, na ndugu zako wanakwambia huo ni uchuro. Nimepita hapo mara mbili. Ya kwanza tuliharibu, kwa hiyo naanza nayo.

Marehemu baba alikuwa na kauli yake: "Mimi msije mkanifunga mamashine." Aliirudia miaka na miaka, mara nyingi kwa utani, na wote watatu tuliisikia. Siku alipopigwa kiharusi cha pili kisha akapata nimonia, daktari alituita kwenye korido saa nane usiku, akauliza: awekwe mashine ya kupumulia au asiwekwe? Hapo ndipo nilipojua kuwa kila mmoja alikuwa amemsikia baba wa kwake. Mimi nilielewa hataki kabisa. Kaka alielewa hataki kukaa nayo muda mrefu. Dada, kitinda mimba wetu, akasema mzee alikuwa anatania tu. Kaka ndiye mkubwa, akasema wafanye kila kitu. Baba alikaa kwenye mashine siku 19 bila kufumbua macho. Mimi na kaka tulimaliza zaidi ya mwaka tukisalimiana misibani tu.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba mzee alikuwa ameandika. Karatasi tuliikuta baada ya mazishi, ndani ya bahasha ya wosia wa mali! Wosia hufunguliwa mtu akishazikwa. Kama mama yako anafikiria kuchomeka matakwa ya tiba humo, mzuie leo hii.

Kwa mama tulifanya tofauti. Daktari wake alitushauri tusianze kuuliza habari za mashine, kwa sababu mashine ile ile inaweza kumvusha mtu siku nne za nimonia akarudi nyumbani kwa miguu yake, au ikamweka miezi bila matumaini. Tumuulize hali gani akifika haoni tena kama ni kuishi. Mama alijibu haraka kuliko tulivyotegemea: kutowatambua watu wake. Kutotembea anaweza kuvumilia. Maumivu asiachwe nayo, hata kama dawa zitamlaza siku nzima. Mashine ya kupumulia anaikubali kwa siku chache za kujaribu, madaktari waangalie, na kama hakuna nafuu waitoe. Huko kujaribu kwa muda kulimtuliza sana kaka, maana kwake kukataa moja kwa moja ni sawa na kumtupa mzazi.

Tukaja kwenye kusukuma kifua moyo ukisimama. Watu wengi wanaona kama kwenye filamu, mgonjwa anaamka na kuomba maji. Hata kwenye hospitali yenye kila kitu, wengi ambao moyo umesimama hawarudi nyumbani, na mbavu za mtu mzima huvunjika kirahisi. Mama aliposikia hayo akasema ugonjwa wake ukishafika mwisho wasimsukume. Mpira wa kulishia nao akaukataa, kwa hali ile ile ya kutotambua watu.

Kisha nani atasema kwa niaba yake. Kaka alishajiandaa. Mama akamchagua dada! Akamwambia kaka, "Wewe hutakubali niende." Mimi akanigeukia: "Na wewe utaniachia upesi mno." Tulicheka, ila kaka aliumia kidogo, na afadhali aliumia pale mezani, mama mwenyewe yupo wa kumweleza. Hii kwangu ndiyo kazi yenyewe. Karatasi haiwezi kutaja kila ugonjwa utakaokuja, lazima awepo mtu mmoja wa kuamua, na wengine wawe wamesikia kwa masikio yao kwamba ni yeye.

Hao wanaosema uchuro waambie pia si mambo ya wazee tu. Terri Schiavo wa Marekani alianguka mwaka 1990 akiwa na miaka 26, hakuwa ameandika chochote. Mumewe alisema Terri asingetaka kuishi kwa mpira wa kulishia, wazazi wake wakapinga, wakavutana mahakamani miaka hadi mpira ulipotolewa kwa mara ya mwisho Machi 2005.

Kuhusu sheria siwezi kukusemea, kila nchi na yake: kwingine karatasi inamfunga daktari, kwingine ni mwongozo tu. Uliza hospitali anakotibiwa kama wana fomu yao, na kama inataka mashahidi. Kukataa mashine pia si kukataa kuhudumiwa. Tiba shufaa, yaani ile ya kumpunguzia mgonjwa mateso, inaendelea: dawa za maumivu, za kubanwa pumzi, usafi, mtu wa kukaa naye. Andikeni hilo waziwazi.

Nakala yetu moja iko kwenye faili lake hospitalini, nyingine kwa dada, na sisi wengine tuna picha kwenye simu. Mwezi uliopita tuliipitia tena. Mama hakubadilisha kitu, ila namba ya dada iliyoandikwa pale ilikuwa ya laini aliyoacha kuitumia tangu mwaka juzi. Tukaifuta, tukaandika mpya, mama akasaini pembeni.