Maswali ya wasomaji: Mashudu ya alizeti na tindikali inayokula chuma

SWALI: Ndugu mhariri, natengeneza mageti. Mabomba yenye kutu nayaloweka kwenye tindikali ya haidrokloriki, lakini chuma nacho kinaliwa. Nasikia protini ya mashudu inazuia. Inaandaliwaje? – Fundi, Kizota, Dodoma

JIBU: Ndugu fundi, inapunguza, haikomeshi. Naitrojeni, oksijeni na salfa zilizomo kwenye protini hujinata juu ya chuma na kufanya utando, tindikali ikakosa pa kugusa.

Saga kilo 1 ya mashudu yaliyokamuliwa sawasawa, changanya na lita 10 za maji ya mvua. Maji ya kisima yenye chumvi, ambayo huku ni mengi, yanaifanya protini ya alizeti isigande vizuri. Tia kostiki soda iliyoyeyushwa, kidogo kidogo, mpaka karatasi ya pH (kipimo cha tindikali na magadi) isome 8.5 hadi 9. Koroga saa moja, chuja kwa kitambaa. Maji yakigeuka kijani, soda imezidi: asidi ya klorojeniki ya alizeti imeshikana na hewa na kuing'ang'ania protini. Kisha dondoshea tindikali iliyozimuliwa hadi pH 4.5; protini itaganda na kuzama kama mtindi uliokatika. Mwaga maji ya juu, suuza, anika kivulini, twanga.

Usiiamini kabla ya kuipima. Kata vipande viwili vya chuma, sentimita 5 kwa 2.5, unene milimita 2 (kila kimoja gramu 20 hivi). Piga msasa, pima kwa mzani wa sonara unaosoma gramu 0.01. Mimina sehemu 1 ya tindikali ya asilimia 33 ndani ya sehemu 9 za maji, kamwe si maji ndani ya tindikali. Igawe katika vyombo viwili, kila kimoja na kipande chake. Kimoja kitie gramu 1 ya protini kwa lita. Kingine kiache hivyo hivyo. Baada ya saa 6 osha, kausha, pima tena. Tuseme kisicho na protini kimepungua gramu 0.20 na chenye nayo 0.04: ulinzi ni asilimia 80. Kupita gramu 2 kwa lita utaongeza povu tu.

Usipashe moto, joto linabandua utando. Andaa mchanganyiko wa kutumia siku hiyo, maana tindikali huivunja protini taratibu. Ukitoa bomba, sugua utando wote, la sivyo rangi itabanduka. Na usichomelee karibu na beseni: mapovu yanayotoka kwenye chuma ni gesi ya haidrojeni, inawaka.

SWALI: Naweza kuipaka protini hiyo kwenye stendi ya tangi la maji? – Msomaji, Bahi

JIBU: Hapana. Mvua itaiosha, na penye unyevu bakteria wataila. Paka redoksaidi, ile rangi ya kuzuia kutu.