Dizeli kuingia kwenye oili ya injini: kabla ya kununua injekta, tafuta njia inayopitia

Ndugu mleta mada, nimesoma maelezo yako yote: gari la dizeli lenye DPF (chujio la masizi kwenye ekzosi), oili imepanda hadi kupita alama ya juu ya kijiti bila mtu kuiongeza, inanuka dizeli, na fundi aliyepima marejesho ya injekta ameshauri zote nne zibadilishwe. Nimeshughulika na injini za dizeli kwa miaka mingi na tatizo hili limepita mikononi mwangu mara nyingi, ndiyo maana nasita kukubaliana na ushauri huo. Sisemi kwamba injekta zako ni nzima. Ninachosema ni kwamba kipimo kilichofanyika hakijibu swali lako.

Kipimo cha marejesho huonyesha kiasi cha dizeli kinachovuja ndani ya injekta na kurudi kwenye tangi kupitia mpira wake. Katika injini nyingi dizeli hiyo haikutani na oili mahali popote. Injekta inayorudisha kupita kiasi italifanya gari liwe gumu kuwaka na itashusha presha ya reli (bomba linalozigawia injekta dizeli), lakini haitapandisha oili, isipokuwa kwenye injini ambazo njia ya marejesho imepitishwa ndani ya silinda hedi au chini ya tapeti kava, yaani kifuniko cha juu cha injini. Upande wa pili, injekta ambayo ncha yake haifungi vizuri na inadondosha dizeli ndani ya silinda inaweza kufaulu kipimo hicho hicho bila dosari yoyote. Unaweza kubadilisha injekta zote nne, gari likawaka vizuri zaidi, na oili ikaendelea kupanda kama kawaida.

Kwanza kabisa, usiliwashe gari likiwa katika hali hiyo. Oili ikipita kiwango kwa kiasi kikubwa, krenki huipiga na kuitia povu, na mvuke wake huingia kwenye njia ya hewa kupitia mpira wa kupumulia. Injini ya dizeli inaweza kuanza kuchoma oili yake yenyewe, mzunguko ukapanda bila wewe kukanyaga chochote, na kuzima swichi kusisaidie. Vilevile usipunguze ile iliyozidi tu ukaendelea na safari, kwa sababu iliyobaki bado imechanganyika. Wapo wanaoshauri gari liendeshwe mwendo mrefu ili dizeli ivukizwe; ushauri huo una mantiki kiasi kwa petroli, lakini dizeli huchemka kati ya takriban nyuzi 180 na 360 za selisiasi, wakati oili ndani ya sampu (bakuli la oili chini ya injini) huzunguka karibu na nyuzi 100. Kwa sehemu kubwa itabaki humo humo. Mwaga oili yote, badilisha na chujio lake, lakini uhifadhi sampuli ya oili chafu kwenye chupa safi iliyokauka.

Sampuli hiyo ina kazi. Dondosha tone moja katikati ya karatasi ya kuchujia, uitandaze juu ya mdomo wa glasi ili sehemu ya katikati isiguse kitu, kisha uiache hadi kesho yake. Masizi hubaki katikati kama doa jeusi, oili husambaa kuzunguka doa hilo kwa rangi ya kahawia inayofifia, na dizeli, kwa kuwa ni nyepesi, husafiri mbali zaidi na kuacha pete ya nje inayopitisha mwanga ukiinua karatasi dirishani. Ili usikisie, changanya mililita 95 za oili mpya ya aina ile ile na mililita 5 za dizeli, uweke tone lake kwenye karatasi nyingine, kisha ulinganishe pete hizo za nje. Nimechagua asilimia 5 kwa sababu maabara nyingi huikataa oili ikifika hapo, ingawa kengele ya tahadhari hulia mapema zaidi.

Ukipeleka sampuli maabara, usiridhike na kipimo cha mnato peke yake. Dizeli huifanya oili nyepesi na masizi huifanya nzito, kwa hiyo oili iliyojaa vyote viwili inaweza kuonekana ipo ndani ya daraja lake huku hali yake ikiwa mbaya. Omba kiasi cha dizeli kipimwe chenyewe kwa kromatografia ya gesi, au angalau kipimo cha joto ambalo mvuke wa oili hushika moto. Kwa oili mpya ya injini joto hilo kwa kawaida huzidi nyuzi 200, na dizeli kidogo tu hulishusha kwa kiasi kinachoonekana.

Sasa tuje kwenye swali lenyewe: dizeli inapita wapi? Gari lako lina DPF, na hapo ndipo ningeanzia. Ili kuchoma masizi, kompyuta ya injini hulipandisha joto chujio hilo hadi kukaribia nyuzi 600, na katika magari mengi hufanya hivyo kwa kunyunyiza dizeli ya ziada ndani ya silinda ikiwa imechelewa, pistoni ikiwa tayari inashuka. Sehemu ya dizeli hiyo haiungui. Hugusa kuta za silinda, hupita kwenye ringi na kushuka hadi kwenye sampu. Zoezi likikamilika, madhara ni madogo. Likikatizwa kila mara kwa sababu safari ni fupi, kompyuta huanza upya na upya, na kila jaribio huongeza dizeli kwenye oili. Magari yenye injekta ya pekee kwenye ekzosi kwa kazi hiyo hayana njia hii, kwa hiyo hakikisha kwanza gari lako ni la aina ipi.

Unganisha mashine ya kusomea kompyuta, usiishie kwenye kodi za hitilafu. Tafuta umbali uliopita tangu chujio lisafishwe mara ya mwisho, idadi ya mazoezi yaliyokatizwa, kiasi cha masizi na majivu, na joto la maji ya injini baada ya mwendo wa kutosha. Themostati iliyokwama wazi huifanya injini isifikie joto lake. Mpira uliopasuka wa sensa ya presha ya DPF hudanganya kuhusu masizi. Valvu ya EGR, ile inayorudisha sehemu ya moshi wa ekzosi ndani ya injini, ikikwama huyazalisha kweli. Kila mojawapo inaweza kukupandishia oili, injekta zikiwa hazina kosa.

Kisha weka daftari. Ukishaweka oili mpya hadi kiwango sahihi, pima asubuhi injini ikiwa baridi, mahali pale pale palipo tambarare, na uandike milimita kwa rula badala ya kusema imepanda kidogo. Pembeni andika kilomita na kama zoezi la kuchoma masizi limefanyika. Oili ikipanda pamoja na mazoezi hayo, tatizo liko upande wa DPF na vinavyoisababisha ijae. Ikipanda sawasawa kwa kila kilomita, zoezi liwe limefanyika au la, tafuta uvujaji: ncha ya injekta, sili ya shafti ya pampu ya presha kubwa, au muunganiko wowote wa dizeli uliofunikwa na tapeti kava.

Kwa ncha inayodondosha, toa plagi za kupashia joto, uingize kamera ndogo na ulinganishe vichwa vya pistoni. Kilichooshwa na dizeli huonekana kisafi na chenye unyevu kando ya vingine vilivyojaa masizi makavu. Kwa sili, mimi hutumia rangi inayong'aa kwenye mwanga wa urujuanimno. Niliwahi kupokea injini ya aina ambayo kila injekta ina pampu yake na dizeli hupita kwenye njia iliyotobolewa ndani ya silinda hedi. Ilikuwa imeshabadilishiwa pampu bure. Tulimwaga oili ya zamani na kuweka mpya kwanza, kwa sababu rangi ikishachanganyika na oili kila kitu hung'aa, tukaweka rangi kwenye tangi, tukawasha injini kwa muda mfupi, kisha tukafungua tapeti kava gizani. Injekta tatu zilikuwa kavu. Kwenye ya nne kulikuwa na mstari mwembamba wa kijani kibichi ukishuka kutoka kwenye sili yake, na ukiufuta ulirudi polepole. Kilichohitajika kilikuwa seti ya sili na ukaguzi wa tundu ambamo injekta hukaa, maana tundu likilika sili mpya haikai muda mrefu.

Kabla hujalipia injekta yoyote, weka hapa namba ya injini, umbali kati ya mazoezi ya DPF kama mashine inavyousoma, joto la maji baada ya nusu saa ya mwendo, na picha ya karatasi zote mbili zikiwa dirishani. Nikiviona hivyo nitaweza kukuambia kama kuna haja ya kufungua tapeti kava au kama kazi iko kwenye themostati na DPF.