Sherehe ya Pipi kwa Mtoto, Bila Kukausha Mfuko

Binti yangu alipotaka sherehe ya kuzaliwa ya pipi tupu, niliamua kwanza kabisa kwamba sitaagiza kitu Mombasa. Hapa Lamu kila kinachotoka bara kimelipiwa gari, kikalipiwa boti kutoka Mokowe, kisha punda au mkokoteni mpaka mlangoni. Na ya nini? Pipi zetu zina rangi kushinda zile za kwenye picha za simu: mabuyu mekundu, achari, kashata, gubiti, simsim, halua, visheti. Ukizipanga kwenye masinia juu ya leso nzuri, meza imekamilika.

Lakini kabla ya pipi, panga saa, maana hapo ndipo pesa nyingi inapookolewa. Ukialika watu mchana umejitwika pilau, na pilau ni nyama, mchele na mpishi. Waite watoto baada ya alasiri, siku ambayo hawana chuo cha Kurani, na wazazi wajue watarudi kabla ya magharibi. Viazi karai, bisi na jagi la maji ya ukwaju vinatosha. Na wape viazi kwanza. Mtoto aliyeshiba haivamii sukari.

Kashata pika mwenyewe, jana yake. Nazi tatu na sukari robo tatu kilo zinakutosha sinia moja kubwa. Nazi ikune na uitumie hivyo hivyo mbichi, usikamue tui. Chemsha sukari na kikombe kimoja cha maji, utie iliki, na usiondoke jikoni. Dondosha tone la shira kwenye maji baridi: likijikusanya ukaweza kulifinyanga kwa vidole, tia nazi. Koroga mpaka iache kushika sufuria. Hapo gawa mara mbili, nusu itie rangi ya waridi, nusu ibaki nyeupe. Tandaza kwenye sinia lililopakwa mafuta kidogo na uikate ingali moto, maana ikipoa inavunjika ovyo. Ikishapoa kabisa, funika kwenye mkebe; hewa yetu ya bahari huilowesha upesi.

Mabuyu na achari sijisumbui kupika. Kina mama wanaouza majumbani wanajua kazi yao, na ukichukua mengi kwa mara moja hawakosi kukuongeza. Ila omba yasiyo na pilipili kali.

Chokoleti iache, hasa msimu wa kaskazi; inayeyuka kabla watoto hawajakaa. Badala ya keki ya kuagiza, mkate wa mayai wa nyumbani uliopakwa krimu kidogo unapendeza sana ukipambwa kwa pipi za rangi. Zipange dakika za mwisho tu, kwa sababu rangi hutoka ikachafua krimu yote.

Kwa mapambo, puliza maputo, yazungushie karatasi za rangi, sokota ncha mbili ufunge uzi: hizo ni pipi kubwa, na watoto hawaachi kuzitazama. Zitundike kivulini, kwani juani hupasuka. Chupa za jamu zilizooshwa zitie pipi ndogondogo, na moja uifanye mchezo: atakayekisia karibu zaidi idadi ya mabuyu yaliyomo aondoke nayo.

Hili naomba lisipuuzwe. Wadogo walio chini ya miaka minne wasipewe pipi ngumu, njugu wala mabuyu, maana vinaweza kuwakaba. Wawekee sahani yao ya halua na ndizi zilizokatwa, na mtu mzima akae nao. Waulize wazazi mapema kama kuna mtoto anayedhurika na njugu.

Vifurushi vya kwenda navyo nyumbani viwe vya karatasi. Mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku Kenya tangu Agosti 2017, na hata hivyo karatasi ni rahisi zaidi: isokote kama ya muuza njugu, tia kashata mbili, gubiti na mabuyu kiasi, kunja juu. Watoto wenyewe wanaweza kuzichora siku moja kabla.

Na chungu, mwenzangu! Wataifikia meza kabla ya wageni. Kila mguu wa meza utie kwenye kopo lenye maji, masinia yafunike kwa kawa, na uyafunue watoto wakishanawa mikono.