Ramani inasema, dereva anacheka: maswali yenu kuhusu Himalaya kwa gari

Tangu nidokeze kwenye safu hii kwamba niliwahi kuzunguka milima ya kaskazini mwa India kwa gari, maswali hayajakatika. Nimegundua wengi wenu hamwendi India kutalii. Mnakwenda kumuuguza mtu, au mnasoma huko, halafu zinapatikana siku mbili tatu za bure na mtu anauliza, "Himalaya mmeiona?" Nimechagua saba.

Niko Delhi na mama. Matibabu yamekwisha, tunasubiri majibu ya vipimo kwa siku sita na daktari amemruhusu kusafiri. Nimeona Manali ni kilomita 530 tu. Twende tukalale siku mbili? (Binti wa Morogoro)

Dada, mpe mama pole na shikamoo yangu, na Manali muiache. Kilomita 530 ni Dar hadi Iringa na ziada kidogo, kwa hiyo naelewa kwa nini umeandika "tu". Lakini nusu ya pili ya njia ile inapanda milimani, na kule gari likienda kilomita 30 kwa saa dereva anajiona amekimbia. Mabasi ya Manali hutoka Delhi jioni yakaingia asubuhi. Ukitoa siku ya kwenda na ya kurudi, mama atakuwa amekaa kwenye kiti kuliko alivyokaa Manali.

Nendeni Haridwar, kama kilomita 220, karibu zote tambarare. Jioni keti naye kwenye ngazi za Har Ki Pauri, watu wanapowasha taa na kuzielekeza mtoni. Fikeni mapema, maana ngazi hujaa. Kesho yake songeni Rishikesh, mwendo mfupi tu, mahali ambapo mto Ganga unatoka milimani ukiwa bado baridi na wa kijani. Mama akiwa na nguvu, siku ya tatu pandeni Mussoorie kupitia Dehradun: kilomita 35 za kona, mwinuko wa karibu mita 2,000, na siku mawingu yakikaa vizuri theluji inaonekana kwa mbali. Akichoka, bakini Rishikesh. Hamtakuwa mmekosa kitu.

Mimi ni wa Lushoto. Naambiwa Shimla ni kama kwetu, ila kubwa. Kweli? (Mwalimu mstaafu)

Shikamoo mwalimu. Kwa asili, ni ndugu. Wajerumani walikimbilia Lushoto kukwepa joto la pwani, Waingereza wakakimbilia Shimla kukwepa joto la mabondeni. Tofauti ni kwamba wao walihama na serikali nzima: kuanzia 1864 Shimla ilikuwa makao ya serikali ya India kila kiangazi. Makarani, majalada, farasi, wake na watoto, wote walipandishwa mlimani wakateremshwa majira yakibadilika. Ndiyo maana leo unakuta kanisa la Kiingereza juu ya kilima na nyumba zimeng'ang'ania mteremko kama kupe. Mwinuko ni kama mita 2,200, yaani karibu sawa na Nyahururu kule Kenya. Sweta ni lazima.

Nashauri usipande kwa gari. Kuna reli nyembamba kutoka Kalka, iliyofunguliwa 1903: kilomita 96, mahandaki zaidi ya 100, na muda wa kama saa tano. Basi linawahi zaidi, lakini kwenye treni unachungulia kona moja huku ukiona mkia wa behewa lako bado uko kwenye kona iliyopita. Barabara kuu ya madukani, Mall, hairuhusu magari ya kawaida, na kuna lifti ya kulipia kutoka barabara ya chini. Itumie mwalimu, usione haya.

Ukipanda hekalu la Hanuman, mungu wa Kihindu mwenye sura ya nyani, pale Jakhoo, vua miwani uitie mfukoni. Nyani wa pale wanaiba miwani kisha wanasubiri ununue chakula cha kuikomboa. Yangu niliikomboa kwa pakiti moja ya njugu, na muuza njugu alikuwa amesimama hatua tatu tu kutoka pale. Sitaki kumsingizia mtu.

Assalaam alaykum. Mimi ni Muislamu, naruhusiwa kuingia mahekaluni kutazama tu? Na chakula je? (Mfanyabiashara, Zanzibar)

Waalaykum salaam. Mahekalu mengi ya milimani yako wazi kwa kila mtu na hayana kiingilio. Machache yana kibao kinachosema ni Wahindu pekee. Ukikiona, zunguka nje na usibishane. Viatu vinabaki mlangoni. Mkanda na pochi ya ngozi navyo ni bora uviache kwenye gari, maana pengine vinakatazwa. Vaa soksi nene, kwa sababu sakafu ya mawe asubuhi ya milimani inauma kama barafu. Simu usiielekeze penye sanamu kabla hujauliza.

Utapewa prasad, vitu vitamu vilivyokwisha kutolewa mbele ya sanamu. Kama unakula au huli, hiyo ni hukumu ya kumuuliza shehe wako, mimi siiwezi. Ninachojua ni cha adabu: anayepokea hupokea kwa mkono wa kulia, kama kwetu, na asiyepokea hukunja viganja kifuani akainamisha kichwa. Sikuona aliyenuna.

Wewe wa mji wa milango ya nakshi, ningekutuma kwa Hadimba, Manali. Ni hekalu la mbao la mwaka 1553 ndani ya msitu wa mierezi, mapaa yake yamepandana, na mlango umechongwa kila inchi. Hadimba katika Mahabharata, utenzi wa kale wa Wahindu, alikuwa zimwi jike aliyeolewa na shujaa Bhima. Hebu fikiria, zimwi limejengewa nyumba nzuri namna ile.

Chakula hakitakutesa. Haridwar na Rishikesh ni miji isiyouza nyama wala pombe, kwa hiyo huna haja ya kuuliza nani kachinja. Agiza *rajma chawal* utaletewa wali kwa maharage, nyumbani kabisa. Misikiti ipo pia: Shimla, na Nainital kuna mmoja mkubwa mtaa wa Mallital, usioweza kupotea.

Kona zinanitapisha hata za Kitonga. Nifanyeje? (Jina kapuni)

Kaa mbele. Kula kidogo, usipande ukiwa na njaa wala umeshiba. Macho mbali, simu mfukoni. Dawa ya kichefuchefu inanywewa kabla ya kuondoka, siyo mate yakishajaa mdomoni; muulize mfamasia. Na dereva akizima kiyoyozi wakati wa kupanda, usimwone mchoyo kama nilivyomwona wangu. Analinda injini isichemke. Fungua dirisha, hewa ile ni dawa kuliko kiyoyozi.

Tuko Wakenya na Watanzania watano, tunasoma Punjab. Tunataka kukodi gari tuendeshe wenyewe hadi Manali mwezi wa Januari. (Wanafunzi)

Wadogo zangu, mkono ni wa kushoto kama nyumbani, na mwenye leseni pamoja na kibali cha kimataifa cha udereva anaweza kuendesha. Hilo ndilo jibu la sheria. Jibu langu ni hapana, si Januari. Nani kati yenu amewahi kukanyaga breki juu ya barafu isiyoonekana? Changeni mkodi gari lenye dereva wa kule kule milimani, siyo dereva wa bondeni anayedai anaijua njia.

Mkaeni naye mbele kwa zamu mtajifunza. Honi kule si matusi: malori yameandikwa nyuma kabisa yakikuomba uipige, na kila kona kipofu inapigiwa. Njia ikiwa nyembamba, anayepanda ndiye anayepishwa. Usiku dereva mwenye akili analala, nanyi mlale, hata kama ramani inasema zimebaki kilomita 40.

Juu ya Manali kuna handaki la Atal, lililofunguliwa Oktoba 2020, urefu wa kilomita 9, kwenye mwinuko wa karibu mita 3,100. Zamani bonde la Lahaul lililo upande wa pili lilikuwa likikatika miezi kadhaa kila mwaka, kwa sababu njia yake ya kawaida ilipita kilele cha Rohtang, mita 3,978, na theluji iliifunga. Leo mnaingia handakini penye misonobari mnatokea kwenye jangwa jeupe. Hiyo pekee inatosha safari yenu. Rohtang yenyewe inafunguka kiangazi, tena kwa kibali.

Bebeni pasipoti halisi na karatasi za ukaaji, siyo picha kwenye simu. Hoteli yoyote inayompokea mgeni wa nje lazima imwandikishe serikalini ndani ya saa 24, na nyumba nyingine ndogo haziutaki usumbufu huo. Kuna iliyonikataa saa nne usiku, mvua inanyesha, na vyumba nilikuwa nimekwisha kulipia. Tangu hapo napiga simu kwanza: "Mnapokea wageni wa nje ya India?"

Sisi ni Wahindu wa Mombasa, kizazi cha nne. Baba ana miaka 71 na nadhiri yake ni kufika Kedarnath na Badrinath. Tumpeleke vipi na lini? (Mwana wa kwanza)

Kaka, mambo ya ibada baba anayajua kuliko mimi. Nitasema ya njia.

Mahekalu hayo hufunguliwa mwishoni mwa Aprili au Mei na kufungwa Oktoba au Novemba, baada ya Diwali. Tarehe hutangazwa kila mwaka. Kujiandikisha ni lazima. Kati ya miezi hiyo, ikimbieni Julai na Agosti: mvua za monsuni zinaiteremsha milima barabarani, na mnaweza kulala siku mbili nyuma ya kifusi mkisubiri buldoza. Mei na Juni watu ni wengi mno. Kwa mzee ningechagua mwisho wa Septemba hadi katikati ya Oktoba, anga imeoshwa na foleni imepungua. Baridi itakuwa kali, kwa hiyo makoti mazito, siyo yale ya Limuru.

Msizifunge pamoja kama ni kitu kimoja. Badrinath gari linafika karibu na mlango. Kutoka Rishikesh ni karibu kilomita 300, na msikubali dereva anayesema siku moja inatosha. Laleni Rudraprayag au mbele yake. Mkipita Devprayag simameni: pale Alaknanda na Bhagirathi zinakutana, kila mmoja na rangi yake, na kuanzia hapo ndipo mto unaitwa Ganga. Joshimath mtaona nyumba zenye nyufa, maana Januari 2023 ardhi ilititia na familia nyingi zikahamishwa. Badrinath kuna chemchemi ya maji moto chini ya hekalu, Tapt Kund, na baba atawashukuru kwa hiyo kuliko kwa hoteli.

Kedarnath ni habari nyingine. Gari linakoma Sonprayag, jipu za zamu zinawasogeza hadi Gaurikund, halafu ni kama kilomita 16 za kupanda kwa miguu, farasi, au machela ya kubebwa na watu wanne. Hekalu liko mita 3,583, chini kidogo tu ya kambi ya Horombo kule Kilimanjaro. Wapandaji wetu hufika Horombo siku ya pili, nanyi mnataka kumfikisha mzee wa pwani siku moja. Kwa hiyo apimwe moyo na mapafu kabla ya kukata tiketi, alale usiku mbili Guptkashi au karibu yake, na akipata kichwa kuuma na kutapika huko juu, ashushwe siku hiyo hiyo. Asisubiri asubuhi.

Helikopta zipo, lakini wingu moja linafuta safari za siku nzima, na ajali zimetokea, ikiwemo ya Juni 2025 karibu na Gaurikund. Tiketi nunueni kwenye tovuti rasmi pekee. Za bandia ni nyingi.

Mkifika, mzungushe baba nyuma ya hekalu. Juni 2013 ziwa dogo la barafu juu ya mji lilipasuka, mafuriko yakaufuta mji na maelfu ya watu wakafa. Jiwe kubwa lilibingirika nalo likakwama hatua chache nyuma ya hekalu, maji yakagawanyika kushoto na kulia. Hekalu likabaki. Jiwe bado lipo, na watu wanaomba dua mbele yake.

Hapa Nyeri kuna kaburi la Jim Corbett. Ni kweli alitoka huko unakokusimulia? (Mwongoza watalii)

Kweli tupu. Alizaliwa Nainital mwaka 1875, mji wa ziwa kwenye mwinuko wa mita 2,000 hivi. Alipokuwa na miaka mitano, Septemba 1880, mlima uliporomoka ukaua watu 151 na kulizika hekalu la Naina Devi lililokuwa ukingoni mwa ziwa. Lilijengwa upya, na kifusi kile ndicho kiwanja ambacho leo vijana wanacheza kriketi. Ukitembea pale unatembea juu ya maporomoko.

Corbett akawa mwindaji wa chui na simbamarara wala watu, kisha mtetezi wao. Mwaka 1947 India ilipopata uhuru, yeye na dada yake walihamia Kenya, wakaishi Nyeri hadi alipofariki 1955. Hifadhi ya kwanza ya taifa ya India, iliyoanzishwa 1936, leo inaitwa kwa jina lake, na iko saa chache tu kwa gari kutoka Nainital.

Nyumba yake ya majira ya baridi iko Kaladhungi, kama kilomita 30 kuteremka kutoka Nainital, na ni makumbusho. Ukienda mwambie mlinzi unatoka Nyeri. Mimi nilimwambia natoka Tanga tu, na bado akaniuliza kama nimeliona kaburi. Nilikuwa nimevuka bahari kuiona nyumba, na kaburi la jirani sikuwa nimelitembelea.