Hedifoni na amplifaya za kumsikilizia mwanamke anayeimba

Ukiingia dukani kutafuta hedifoni, muuzaji atakuwekea wimbo wenye ngoma nzito. Besi inapiga, unatabasamu, pesa inatoka. Jioni unaweka taarabu na mwimbaji anasikika kama amefungiwa stoo. Kwa hiyo wewe unayeanza, na unayependa hasa sauti za kike, nenda na wimbo wako kwenye simu, ule unaoujua hadi pale mwimbaji anapovuta pumzi.

Noti za chini za mwanamke mwenye sauti nzito ziko karibu na Hz 170, yaani mitetemo 170 kwa sekunde, na soprano (mwanamke mwenye sauti nyembamba ya juu) akipanda sana anagusa Hz 1,000. Maneno yenyewe, ule ukaribu wa mtu anayekuimbia wewe, hutegemea sana eneo la Hz 2,000 hadi 4,000. Herufi "s" na "sh" ziko juu zaidi, kuanzia kama Hz 5,000 hadi 8,000 na kupita. Besi ikivimba mpaka Hz 300, inamfunika mwimbaji kwa chini. Eneo la Hz 3,000 likipungua, anarudi nyuma ya fidla. Likizidi, anakupigia kelele. Na palipo na kilele karibu na Hz 8,000, kila "s" inachoma.

Kiswahili kinatusaidia hapo. Tafuta ubeti wenye "wasiwasi", "sisi", "siasa", uusikilize kwa sauti ya kawaida, dakika kumi bila kuvua. Hedifoni kali hupendeza dakika mbili za kwanza, unaona kila kitu kimeng'aa. Ikifika ya kumi unajikuta unapunguza sauti bila kujua kwa nini. Mwili umeshakujibu, usibishane nao.

Kipimo changu cha pili ni Bi Kidude. Sauti yake ina mikwaruzo, na mikwaruzo hiyo ndiyo utamu wake. Hedifoni inayomlainisha inakuficha kitu, hata kama inapendeza kwa waimbaji wengine wote. Siti binti Saad, kwa upande mwingine, usimtumie kupimia. Santuri alizorekodi Bombay mwaka 1928 hazina mengi ya maana huko juu, kwa hiyo hedifoni yenye trebo kali (sauti za juu) itakupa mchakacho wa santuri tu. Kumsikiliza yeye, afadhali hedifoni tulivu.

Kwa majina: Sennheiser HD 600, ya mwaka 1997, na HD 650, ya mwaka 2003, bado ndizo ningemwelekeza mtu kwanza kwa sauti za kike. HD 650 ni ya joto zaidi kidogo. Zote mbili ziko wazi nyuma, kwa hiyo kwenye daladala hazifai: kelele zote zinaingia na jirani anasikiliza bure. Beyerdynamic DT 990 ina wapenzi wengi, lakini trebo yake kwa mwimbaji mwenye "s" kali ni adhabu. Sony MDR-7506 ni chombo cha kazi cha studio. Inaonyesha kasoro vizuri, ila kumstarehesha mtu usiku si kazi yake.

Amplifaya ndiyo inayowapotosha wageni. Watu huambiwa HD 650, kwa kuwa ni ya omu 300 (omu ni kipimo cha ukinzani, yaani inavyozuia umeme), haiwezi kuimba bila amplifaya kubwa. Kwa volti 1 inatoa desibeli kama 103, ambayo ni sauti kubwa sana, na adapta ndogo nzuri ya USB-C inaweza kufikisha volti hiyo. Nyimbo nyingi za leo zimerekodiwa kwa sauti kubwa, hivyo inatosha. Nguvu zaidi utaihitaji kwa rekodi za sauti ya chini, zile ambazo mwimbaji ananong'ona kisha anapaza.

Amplifaya za valvu, zile za vioo vinavyowaka kama taa, ambazo watu husema zinamtia mwanamke asali, zina sababu inayoeleweka. Baadhi yake zina ukinzani mkubwa kwenye tundu la jeki, tuseme omu 120. Ukinzani wa HD 650 nao haubaki 300. Karibu na Hz 100 unapanda kupita 450. Hapo hedifoni inapokea sehemu kubwa zaidi ya volti, na besi ya juu inanyanyuka kwa kama desibeli 1. Ndiyo joto hilo, pamoja na upotoshaji kidogo wa valvu zenyewe. Hedifoni ambayo ukinzani wake haupandi wala kushuka haipati nyongeza hiyo, kwa hiyo usinunue valvu kwa sifa ulizosikia kuhusu hedifoni ya mtu mwingine. Kwa amplifaya ya kawaida, ukinzani wa jeki usizidi sehemu moja ya nane ya ukinzani wa hedifoni.

Kabla ya kutoa pesa hiyo, fungua ekwalaiza ya simu na ushushe Hz 7,000 kwa desibeli 2 au 3. Mara nyingi shida inaishia hapo, bure. Na unapolinganisha vifaa viwili, sawazisha sauti kwanza, maana kinachopiga kwa nguvu zaidi hata kidogo kitaonekana bora.

Tunaokaa pwani tuulizie pia pedi za akiba, vile vitambaa au ngozi laini vinavyogusa masikio. Ngozi bandia hubanduka haraka kwa jasho na joto letu. Pedi za kitambaa hudumu, ila nazo hunywea, sikio linasogea karibu na spika na sauti inabadilika. Kama pedi za modeli fulani hazipatikani, mimi siinunui.